Dansi Isiyo na Kisa: Jioni ya Baleti Nne

Wako wapenzi wa baleti, na si wachache, ambao wakiona tangazo la programu ya mchanganyiko hujihisi wamepunjwa. Walichokitarajia ni Giselle au Swan Lake: binti aliyerogwa, kiapo kilichovunjwa, kifo, na pazia la mwisho baada ya kisa kimoja kinachofuatika tangu mwanzo hadi tamati. Jioni ya kazi fupi tatu au nne, zisizo na kisa wala mandhari ya kupakwa rangi nyuma ya jukwaa, wao huihesabu kuwa sinia la makombo ya karamu za watu wengine. Mtu wa Unguja angeweza kuwajibu kwa bakuli la urojo, ambamo bajia, kachori na viazi hukutana katika mchuzi mmoja na kila kimoja kikabaki na ladha yake. Lakini malalamiko yao ni mazito kuliko kujibiwa kwa mfano wa chakula. Nyuma yake liko swali la haki: dansi ikivuliwa kisa, hubaki nini?

Jibu lililozoeleka ni kwamba hubaki dansi yenyewe: hatua, muziki na nafasi, vitu visivyohitaji kusimama badala ya kitu kingine. Ni jibu zuri, na limewasaidia watu wengi kutulia vitini. Hata hivyo halitoshi. Kazi bora za aina hii zinaonyesha kwamba kisa kikishaondoka, mwili wa mchezaji hujitokeza mbele pamoja na umri wake, rangi yake na historia yake; na kanuni za kale za baleti, zilizodhaniwa kuwa ukuta wa kuuzuia ulimwengu usiingie ukumbini, huwa ndizo zinazoufungulia mlango.

Kazi nne zatosha kulipima jambo hili: Serenade ya George Balanchine, ya mwaka 1934, Afternoon of a Faun ya Jerome Robbins, ya mwaka 1953, Agon, ya Balanchine tena, ya mwaka 1957, na In the Middle, Somewhat Elevated ya William Forsythe, ya mwaka 1987. Zote zimo katika hazina ya makundi makubwa ya Marekani na Ulaya, na kundi la Opera ya Paris limewahi kuzicheza zote nne. Zikifuatana kwa mpangilio wa miaka yake hujaza jioni moja, pamoja na mapumziko, na humpitisha mtazamaji katika zaidi ya nusu karne ya kile kinachoitwa uklasiki mpya, hadi kwenye ukingo wake.

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili hana ugeni na mzozo uliomo humu. Tangu Sheikh Kaluta Amri Abedi alipoziweka sheria za utungaji katika kitabu chake cha mwaka 1954, na zaidi tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, watu wameshindana juu ya vina na mizani: je, ni uti wa mgongo wa shairi, au ni pingu zake? Balanchine angezitatiza pande zote mbili. Kanuni za shule ya St. Petersburg, alikolelewa tangu utotoni, alizishika kwa uaminifu wa malenga anayezijua bahari zote kwa moyo. Hapo hapo aliitupa hadithi, akauharakisha mwendo, akauruhusu mwili uinamie nje ya mhimili wake. Wanamapokeo wa siku zake walimwona mhuni wa hatua. Na wapo wanausasa waliomwona mzee wa kasri la mfalme aliyepotea njia akajikuta New York.

Pazia la Serenade likifunguliwa, wanawake 17 wamesimama katika mwanga hafifu wa samawati. Wamevaa sketi ndefu za kitambaa chepesi kama chandarua, na kila mmoja ameinua mkono wa kulia, kiganja kikitazama nje, mfano wa mtu anayekinga macho na mwangaza wa mbali. Nyuzi za Tchaikovsky zimeshaanza, lakini hakuna anayekwenda. Nyayo zao zimelala sambamba, kama nyayo za mtu yeyote anayengoja daladala. Kisha viganja vinalegea, mikono inashuka hadi kwenye paji, hadi kifuani. Na ghafla, kwa pigo moja, nyayo zote 34 zinafunguka nje, kisigino kwa kisigino. Huo ni mkao wa kwanza wa baleti, somo la siku ya kwanza la mtoto wa shule. Hakuna lingine lililotendeka, na ukumbi mzima umeshika pumzi. Watu 17 wa kawaida wamegeuka kuwa wachezaji mbele ya macho ya watu.

Kwa nini 17, hesabu isiyogawanyika? Kwa sababu ndio waliofika. Balanchine aliingia Marekani Oktoba 1933 kwa mwaliko wa Lincoln Kirstein, na shule waliyoianzisha ilifungua milango Januari 1934. Wanafunzi wake hawakuwa wachezaji waliokomaa. Alitunga Serenade kama darasa la jioni, ili wajifunze tofauti ya kucheza mazoezini na kucheza jukwaani, na kama alivyosimulia mwenyewe, siku ya kwanza walikuja wasichana 17, siku nyingine 9, siku nyingine 6, akawapanga waliopo. Siku moja msichana akaanguka na kulia: anguko likaingia katika utunzi. Siku nyingine mmoja alichelewa: kuchelewa kukaingia. Wanaume walipoanza kuhudhuria, nao wakatiwa. Juni mwaka huo wanafunzi waliicheza nje, penye majani, katika makazi ya familia ya Warburg karibu na White Plains.

Habari hizi husimuliwa mara nyingi kama vichekesho vya nyuma ya pazia, na hapo ndipo uzito wake unapopotea. Mtazamaji asiyezijua huona hivi: wenzake wote wamerudi kwenye mkao wa mwanzo, mikono juu, kimya, mwanamke mmoja anaingia peke yake, anapita baina ya safu akitafuta, anapata pengo lililo lake, anainua mkono. Ni ajali ya siku moja ya mwaka 1934. Imewekwa mahali ambapo bila yake safu haikamiliki, kama kipande cha ukwapi ambacho kikiondolewa ubeti wote hupwaya. Mtunzi dhaifu angeisafisha. Balanchine aliitia katika kanuni, na kwa hiyo msichana yule aliyechelewa, ambaye watazamaji hawamjui hata kwa jina, bado anaingia kila usiku kazi hii inapochezwa.

Balanchine alikana siku zote kwamba Serenade ina kisa. Neno lake lipokewe kwa heshima, na lipimwe kwa matendo yake. Tchaikovsky aliumaliza utunzi wake wa mwaka 1880 kwa sehemu ya haraka yenye wimbo wa Kirusi, ya furaha na vumbi la miguu. Balanchine mwanzoni aliiacha kabisa sehemu hiyo. Alipoiingiza, mwaka 1940, aliipachika kabla ya sehemu ya maombolezo, ili maombolezo yawe ya mwisho. Mtu asiye na la kusimulia hana haja ya kupindua mpango wa mtunzi wa muziki. Katika maombolezo hayo mwanamke amelala chini, nywele zimefunguka. Mwanamume anaingia akitembea polepole, na nyuma yake yuko mwanamke mwingine aliyembandika mgongo na kumziba macho kwa kiganja. Anamfikia yule aliyelala, anamwinua, wanacheza. Kisha kiganja kinarudi machoni, naye anaongozwa kwenda zake. Mwanamke aliyeachwa huinuliwa juu na wanaume, akiwa amesimama wima, na kuchukuliwa taratibu kuelekea kwenye mwanga, kifua na uso vikifunguka nyuma kadiri anavyokwenda. Wengine husema ni mauti, wengine ajali ya mapenzi, wengine mwanafunzi aliyehitimu. Hakuna kati yao anayeweza kukosolewa, na hakuna anayeweza kuthibitisha. Pana jambo moja tu la kuwakumbusha wachezaji wa siku hizi: kazi hii huharibika wakati wanapoionea huzuni kwa nyuso zao. Huzuni imo katika mwendo wa kutembea. Anayeongeza machozi juu yake ni kama mwimbaji anayelia kabla ya hadhira kulia.

Afternoon of a Faun haizidi dakika 11 au 12, na maelezo yake yanaweza kuwa mafupi vivyo hivyo. Kwa muziki wa Debussy, ambao Nijinsky aliutumia mwaka 1912 kucheza kiumbe nusu mtu nusu mbuzi na kuuchafua mji wa Paris, Robbins aliweka kijana wa kisasa aliyelala sakafuni katika chumba cha mazoezi. Msichana anaingia. Wanajaribu hatua za wawili, na muda wote wanatazama mbele, kwa kuwa kioo cha chumba kile kiko mahali walipo watazamaji. Ukumbi mzima umegeuzwa kioo. Kijana anambusu shavuni. Msichana anaweka mkono palipobusiwa, lakini macho yake bado yako kiooni, kuona busu lilivyokaa. Kisha anaondoka kinyumenyume kwa ncha za vidole, na kijana anarudi kulala. Hiyo ni picha ya kikatili ya watu waliofunzwa tangu utotoni kujitazama, na ukatili wake umefunikwa kwa muziki mtamu kiasi kwamba wengi hutoka wakisema wameona penzi.

Aliyecheza msichana yule mara ya kwanza ni Tanaquil Le Clercq, mke wa Balanchine wakati ule. Mwaka 1956, kundi lilipokuwa ziarani Copenhagen, alipatwa na polio na miguu yake ikapooza. Hakucheza tena. Jina lake litarudi hapa chini.

Agon ni neno la Kigiriki lenye maana ya shindano. Igor Stravinsky aliitunga akiwa na kitabu cha Kifaransa cha karne ya 17 juu ya dansi za kasri. Majina ya dansi hizo, sarabande, gailliarde na branle, yamo katika karatasi zake za muziki. Lakini sauti ni kavu, zenye pembe, na sehemu kadhaa zimepangwa kwa mfumo wa noti 12. Wachezaji nao ni 12, wanawake 8 na wanaume 4. Nguo ni za mazoezi, nyeusi na nyeupe, na nyuma yao hakuna kitu ila kitambaa cha rangi moja. Wanaume wanne wamesimama wakiwapa watazamaji migongo. Wanageuka, na shindano linaanza. Kazi nzima haifiki nusu saa, na mwenye kuhesabu mizani kwa vidole atapotea katika dakika ya pili, kwa sababu muziki una hesabu yake na miguu ina yake, na mara chache tu hukutana. Zikikutana, mtu huruka kitini.

Kila kitu katika Agon hupanda kuelekea dansi ya wawili. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza City Center, New York, mwishoni mwa mwaka 1957, waliocheza sehemu hiyo walikuwa Diana Adams, mwanamke mweupe mzaliwa wa Virginia, na Arthur Mitchell, mwanamume mweusi mzaliwa wa Harlem, aliyekuwa amejiunga na New York City Ballet miaka miwili kabla. Septemba mwaka huo huo Rais Eisenhower alikuwa amepeleka askari Little Rock, Arkansas, ili wanafunzi tisa weusi waweze kuingia darasani katika shule ya sekondari. Katika majimbo mengi ya nchi ile ndoa ya mweusi na mweupe ilikuwa kosa kisheria. Virginia, alikozaliwa Adams, ndiko kulikotoka kesi ya mke na mume wa ukoo wa Loving, ambayo kwayo Mahakama ya Juu ya Marekani ilizifuta sheria hizo, na hilo halikutokea hadi mwaka 1967.

Sasa itazamwe dansi yenyewe. Haina wapenzi, haina majina, haina mgeni wala mwenyeji. Mwanamume na mwanamke wanajaribu, kwa utulivu wa watu wanaofanya kazi ngumu, ni umbali gani mwili mmoja unaweza kwenda ukiwa umeshikwa na mwingine. Mguu wake unainuka na kumzunguka mwenzake. Anasimama juu ya ncha ya kidole kimoja, mguu wa nyuma umenyooka hewani, na mwanamume aliyemshika mkono anashuka, anashuka, hadi analala chali sakafuni, bado hajauachia. Uzima wa mizani ya mwanamke yule umebaki katika mkono wa mtu aliyelala. Katika baleti za kale mwanamume ni nguzo. Hapa nguzo imelazwa, na bado imebeba. Hatua zote ni za shule ile ile ya St. Petersburg, zinaweza kutajwa majina moja baada ya moja. Kilichobadilika ni mahali uzito ulipowekwa.

Mitchell alieleza baadaye kwamba Balanchine aliitumia tofauti ya rangi za ngozi zao kama sehemu ya utunzi: mkono mweusi juu ya kifundo cheupe cha mguu, mkono mweupe juu ya bega jeusi, vikipangwa na kupanguliwa kama vina vya ndani. Maneno hayo yanastahili kusomwa kwa makini na wale wanaosema dansi isiyo na kisa haina la kusema. Kazi ingekuwa na kisa, mtu mweusi angepewa sehemu: angekuwa mtumwa, au Othello, au shetani wa visa vya kale, na watazamaji wangejificha nyuma ya kisa hicho na kujiambia kwamba ni mchezo tu. Kwa kuwa hapakuwa na kisa, hapakuwa na maficho. Palikuwa na Adams, na Mitchell, na jinsi walivyoshikana, na kila mtu ukumbini alijua mwaka ni upi. Mtunzi hakusema neno moja juu ya siasa. Wala kanuni haikulegezwa hata kidogo ili siasa ipate nafasi. Ukali wa kanuni ndio uliowafanya watu watazame mahali pale pale walipokuwa hawataki kutazama.

Pana pingamizi, nalo ni zuri. Je, Agon imefungwa katika mwaka 1957? Leo huchezwa na weupe wawili, na weusi wawili, na kila mchanganyiko mwingine. Je, wao wamepungukiwa? Jibu la haki ni kwamba kuna kilichopungua na kuna kilichodhihirika. Rangi zikilingana, kile kiunganishi cha weusi na weupe hutoweka, na jicho huhamia kwenye mishiko yenyewe: vidole vinavyotetemeka kidogo, kiganja kinachobadilisha pembe kabla tu mwili haujaanguka. Kundi la Dance Theatre of Harlem limeicheza Agon, kama lilivyoicheza Serenade, na hakuna aliyeweza kudai kwamba kazi hizo zimekuwa za watu wengine.

Kundi hilo aliliasisi Mitchell mwenyewe mwaka 1969, pamoja na mwalimu wake Karel Shook, baada ya kuuawa kwa Martin Luther King mwaka uliotangulia. Alirudi Harlem kufundisha watoto wa mtaa alikozaliwa. Miongoni mwa waliokuja kufundisha huko katika miaka ya 1970 alikuwa Le Clercq, yule msichana wa kioo cha Robbins, aliyewahi kucheza na Mitchell kabla ya kuugua. Alifundisha akiwa katika kiti cha magurudumu. Hatua za miguu alizionyesha kwa mikono.

Tangu miaka hiyo ya 1970 wachezaji wa Harlem hutia rangi soksi zao ndefu na viatu vyao ili vifanane na ngozi ya kila mmoja. Wapo wanaolichukulia jambo hili kuwa la siasa lililopachikwa juu ya sanaa. Hawajaielewa sanaa. Soksi na kiatu cha waridi hafifu vilikubalika kwa sababu kwenye mguu mweupe huurefusha mstari kutoka nyonga hadi ncha ya kidole bila kuukata. Kwenye mguu wa kahawia rangi hiyo hiyo huukata mstari katika kifundo, mfano wa shairi lililokosewa mizani katika neno la mwisho. Kanuni ya mstari mrefu ndiyo iliyodai kiatu cha kahawia. Walioikataa rangi hiyo ndio walioivunja kanuni. Na bado wachezaji weusi walikaa miaka mingi wakipaka viatu vyao vipodozi vya uso usiku baada ya usiku. Uingereza, kampuni ya viatu ya Freed ilishirikiana na kundi la Ballet Black kutoa viatu vya rangi za kahawia mwaka 2018 tu.

Baada ya Agon, In the Middle, Somewhat Elevated hufika kama radi, na haikosi kupigiwa makofi. Jina lake maana yake ni "katikati, juu kidogo", nalo lataja matunda mawili ya cheri yenye rangi ya dhahabu yaliyoning'inizwa juu ya jukwaa tupu. Forsythe, Mmarekani aliyekuwa akiongoza kundi la baleti la Frankfurt, aliitunga kwa ajili ya Opera ya Paris zama za Rudolf Nureyev, na katika onyesho la kwanza la Mei 1987 alikuwamo Sylvie Guillem, mwenye umri wa miaka 22. Muziki wa Thom Willems ni wa mitambo: vishindo, ukimya, vishindo. Wachezaji ni tisa.

Uzuri wake mkubwa uko katika mambo mawili, na la kwanza ni kutembea. Baina ya vipande, wachezaji hutembea kama watu wapitao barabarani, husimama kando, humkagua mwenzao anayecheza kwa jicho la mshindani, kisha huingia bila kubisha hodi. Kazi ya mwili, ambayo baleti imeificha nyuma ya tabasamu kwa muda mrefu, imeachwa wazi. La pili ni uzito: mwanamke huvutwa nje ya mhimili wake hadi pale ambapo asipovuta naye upande wake, wote wawili wataanguka. Yeye si ua linaloshikwa, anapigana. Forsythe hapa ni mwanafunzi wa Balanchine waziwazi, na mtu aliyetoka kuiona Agon nusu saa kabla ataweza kuonyesha kwa kidole hatua zilizokopwa na mahali zilipopindishwa.

Lakini ni Agon hiyo hiyo inayoiweka kazi hii katika nuru isiyoipendelea. Katika Agon hatari ina sura nyingi: ya kuanguka, ya kuguswa, ya kuonekana. Katika In the Middle hatari imebaki moja, ya kiungo kuvutwa kupita kiasi. Guillem na wenzake waliweza kuijaza kwa ufidhuli wao wa kifalme. Walikuwa watu kabla ya kuwa miguu. Kazi hii imeharibiwa na watoto wake. Kwa karibu miaka 40 imeigwa kila mahali, giza jukwaani, kelele za mitambo, mguu sikioni, hadi watazamaji wamezoeshwa kupiga makofi mguu unapopita kimo fulani, kama watu wanaohesabu sarakasi. Wachezaji wa leo, ambao viungo vyao vinafunguka zaidi ya vya wale wa 1987, huicheza kwa usahihi wa kutisha, na usahihi huo huizidishia ubaridi. Si kosa la Forsythe peke yake, ingawa haiwezekani kumwachilia kabisa: alichokitoa katika kanuni ni upeo wake, akauacha moyo wa Serenade, ule uliokuwa na nafasi kwa msichana aliyechelewa na aliyeanguka. Katika kazi hii hakuna awezaye kuanguka na anguko likaingia katika utunzi. Akianguka ameumia.

Hapo ndipo lilipo kosa la wanaopanga programu. In the Middle huwekwa mwisho kwa sababu ina kishindo, na mwenye ukumbi hupenda watu watoke wakiwa wamechangamka. Mpangilio wa miaka nao huunga mkono, na huwafanya watazamaji waamini bila kuambiwa kwamba kila kazi ni ngazi ya kuifikia inayofuata, na kwamba ya 1987 imekwenda mbali kuliko ya 1957. Kwa viungo, naam. Jioni hiyo ingepangwa vingine: Serenade kwanza, maana haivumilii kitu mbele yake, In the Middle baada ya mapumziko, watu wangali na nguvu za kustahimili kelele, Faun, ili masikio yapoe, na Agon mwisho. Makofi yatakuwa machache, kwa kuwa Agon humalizika bila kujitangaza. Wachezaji wote 12 wanakutana, wanawake wanaondoka, muziki wa mwanzo unarudi, na pazia linawashukia wanaume wanne waliokwisha kugeuka, wakiwa wamewapa watazamaji migongo.